Mtoto amechaguliwa kusoma sanaa: athibitishe au aache?

Simu ya kaka yangu iliingia Jumatano saa tatu usiku. Kwa kawaida huanza na habari za watoto, mvua na biashara. Siku hiyo alifika moja kwa moja.

"Dada, shikamoo. Njoo uzungumze na mtoto wako. Mimi amenishinda."

Kwenye ukoo wetu, mtoto akimshinda baba yake huitwa shangazi. Shangazi ni mimi.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL, na kupata daraja la pili. Aliomba vyuo kadhaa na akachaguliwa viwili. Kimoja kilimpa shahada ya ualimu, kingine shahada ya sanaa. Wazazi ambao mmeshapita huko mnajua utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU): aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku zilizopangwa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, Morogoro. Alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba binti anakwenda kuwa mwalimu. Sasa binti anasema anataka kwenda kuchora.

Nilipanda treni ya SGR Ijumaa asubuhi. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitasema nini, kwa sababu na mimi ni mzazi, na ukweli ni kwamba wangu angeniambia hivyo ningeshtuka vilevile.

Naandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na wazazi wengi, kazini, kanisani, hata kwenye vikao vya harusi. Je, shahada ya sanaa ina faida, au ni miaka mitatu ya kupoteza?

Kwanza, tunazungumzia sanaa ipi?

Kwetu Tanzania neno hili linachanganya. Mzazi akisema "mwanangu amesoma masomo ya sanaa" mara nyingi ana maana ya historia, jiografia na lugha, yaani yasiyo ya sayansi. Hiyo si sanaa ninayoizungumzia hapa.

Nazungumzia mtoto anayetaka kusomea kuchora, kuchonga, ufinyanzi na usanifu wa picha, ambazo Baraza la Sanaa la Taifa (Basata) huziita sanaa za ufundi. Wengine huchagua muziki, maigizo au filamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na leo kina shahada za muziki, sanaa za ufundi na filamu pia. Tumaini Makumira, Arusha, kuna shahada ya muziki.

Kwa hiyo si jambo jipya, wala mtoto hajalitoa mtandaoni. Vyuo vipo, vinatambuliwa, na sifa za jumla za kuingia ni zilezile: ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kisha kila chuo kinaongeza masharti yake.

Hofu ya mzazi ina msingi

Jioni ile kaka alinipangia hoja zake kama anavyopanga mabati dukani.

Hoja ya kwanza ilikuwa ajira. "Dada, umeshaona tangazo la kazi wanatafuta mchoraji?"

Ya pili ni mkopo. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupanga programu kwa makundi ya kipaumbele, na zinazotangulia ni kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Sanaa haiko mbele. Kwa hiyo mtoto anaweza kukosa, au kupata kidogo, na pengo likaziba kwa fedha za duka.

Ya tatu ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize. "Asiye na mshahara atakatwa wapi?" aliuliza kaka. "Atabaki na deni."

Ya nne hakuisema wazi, lakini wazazi wote tunaijua. Anaogopa uhuni. Msanii kwake ni mtu anayelala mchana.

Sikumbishia. Tena nilimwongezea ya tano ambayo yeye hakuifikiria: siku hizi kuna programu za akili mnemba ambazo ukiziandikia maneno mawili matatu zinakutolea picha. Kazi ndogondogo zilizokuwa zinawapa vijana hela ya nauli, kama kadi za michango ya harusi na vipeperushi, sasa mtu anajitengenezea mwenyewe kwenye simu.

Nilimkumbusha pia habari ya binamu yetu mmoja, ambayo ukoo mzima unaijua. Yeye alisoma sanaa chuoni, akamaliza, akarudi nyumbani na kukaa miaka minne bila kazi ya kueleweka. Leo anauza vifaa vya simu. Kila mtoto wa ukoo akitaja sanaa, anatajiwa huyo.

Lakini kuna sehemu ya habari yake ambayo huwa hatuisemi. Binamu yule hakuwahi kuchora kabla ya kwenda chuo. Pointi zake hazikutosha kule alikotaka, na sanaa ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki. Alikwenda kwa sababu alitakiwa kwenda chuo, chochote kile. Alirudi na cheti bila hata picha kumi za kumwonyesha mtu. Tukimlaumu yeye na sanaa yake, tunasahau kwamba sisi wazazi ndio tuliomsukuma aende "mradi awe na digrii".

Na ualimu je?

Kaka aliamini akimpeleka binti ualimu, kazi imeshapatikana. Hapo ndipo nilipomuuliza kuhusu kijana wa jirani yake, mwalimu mwenye shahada, ambaye mwaka wa tatu ule alikuwa anafundisha tuisheni ya jioni na kuendesha bodaboda mchana.

Zamani mwalimu akimaliza chuo alipangiwa kituo. Leo nafasi hutangazwa, vijana wanaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, wanafanya usaili kama wengine, na wanaobaki nje ni wengi kuliko wanaoingia. Sisemi ualimu ni kazi mbaya. Mimi nimelelewa na mwalimu. Ninachosema ni kwamba mzazi anayelinganisha sanaa na ualimu asilinganishe sanaa ya leo na ualimu wa mwaka 1985.

Tena mtoto anayesoma ualimu bila kuupenda akikosa ajira ana hasara mbili: hana kazi, na hana hamu ya kujitengenezea kazi kwa alichosomea.

Wawili waliopita njia tofauti

Wanaosema sanaa haihitaji shule hupenda kumtaja Edward Saidi Tingatinga, na wana haki. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya vibarua vya kila aina, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kawaida za mafuta. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, Dar es Salaam, na wageni wakazipenda. Alifariki mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi kimakosa, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Ndugu na vijana aliowafundisha waliendelea, mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Wachache humtaja Sam Ntiro. Huyu alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasomea sanaa Makerere, Uganda, kisha Slade, London. Alifundisha Makerere. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyu ndiye aliyepelekwa Uingereza kuwa Kamishna Mkuu wetu, yaani balozi.

Nilipomweleza kaka habari hiyo alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Balozi? Kwa kuchora?"

Hapana, si kwa kuchora tu. Ntiro alikuwa amesoma, ameishi na watu wa mataifa, anaweza kuandika na kusimama mbele ya wakubwa akaeleza nchi yake. Kuchora kulimfungulia mlango wa shule, na shule ikamfungulia milango mingine.

Tingatinga anatuonyesha kwamba mkono unaweza kufundishwa barazani. Kijana akikaa na fundi miezi kadhaa, anajua kuchanganya rangi na kumchora twiga anayeuzika. Lakini tembea kwenye maduka ya vinyago na picha, Dar es Salaam au Zanzibar, uone. Twiga ni walewale, Wamasai walewale, mlima uleule, na bei inashuka kwa sababu wote wanauza kitu kimoja. Anayejua mkono peke yake anashindana na kila mwenye mkono.

Shahada inanunua nini?

Nimezungumza na vijana kadhaa waliosoma sanaa, walioridhika na waliojuta. Nikijumlisha waliyoniambia, shahada inanunua vitu vitatu.

Kwanza, muda na macho ya watu wengine. Kwa miaka mitatu mtoto anachora, anakosolewa, anarudia. Anasoma historia ya sanaa, anajifunza kuandika maelezo ya kazi yake, kuomba ufadhili, kufanya utafiti. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kuacha twiga wa kila mtu na kutafuta chake.

Pili, karatasi yenyewe. Tusiidharau. Nafasi ya afisa utamaduni katika halmashauri huombwa kwa shahada. Kuendelea na shahada ya uzamili huombwa kwa shahada. Anayetaka kufundisha anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Na hapa pana jambo linalobadilika: mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, na tahasusi mpya za kidato cha tano zilizotangazwa mwaka 2024 zina kundi la sanaa. Masomo hayo yatahitaji watu wa kuyafundisha, ingawa kuhitajika na kuajiriwa ni mambo mawili.

Tatu, watu. Mwenzake wa darasani leo ndiye atakayekuwa kwenye kampuni ya matangazo, kituo cha televisheni, makumbusho au ofisi ya kuchapa vitabu kesho. Kazi nyingi za sanaa hazitangazwi gazetini. Mtu anampigia mtu anayemfahamu.

Kuna kitu kimoja ambacho shahada hainunui, nacho ni wateja. Hakuna chuo kinachomkabidhi mtoto wateja siku ya mahafali. Hao anaanza kuwatafuta akiwa mwaka wa kwanza, au hata kabla.

Zipo njia nyingine pia

Mzazi asifikiri ni shahada au basi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inatoa astashahada na stashahada, na huko mafunzo ni ya vitendo zaidi. Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za majahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Veta wanafundisha ubunifu wa mavazi na ushonaji. Mikocheni, Dar es Salaam, kuna Nafasi Art Space, ambako wasanii hufanya kazi na kufundishana.

Mtoto ambaye moyo wake uko kwenye jukwaa au cherehani huenda akafika haraka kwa njia hizo, kwa gharama ndogo, na shahada akaifuata baadaye akiwa tayari anajitegemea. Kwa mtoto asiyependa kusoma vitabu na kuandika kurasa ishirini, naona hiyo ndiyo njia nzuri zaidi. Shahada ya sanaa ina maandishi mengi kuliko watoto wengi wanavyodhani.

Daftari chini ya kitanda

Jumamosi asubuhi binti aliniletea chai. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe kazi zako."

Aliinama akavuta sanduku chini ya kitanda. Mlikuwa na madaftari saba ya michoro, mengine yameanza kidato cha pili. Sokoni, stendi, bibi yake akichambua mchicha, mikono ya baba yake akipima misumari. Mimi si mtaalamu, lakini niliona kwamba daftari la saba halikufanana na la kwanza. Alikuwa amekua.

Daftari la nane lilikuwa la hesabu. Aliandika kila kazi aliyolipwa: bango la saluni, majina kwenye keki, picha za ukutani. Jumla wateja kumi na mmoja kwa mwaka mmoja na nusu. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya ukuta wa shule ya chekechea, Sh180,000, na chini yake ameandika gharama za rangi na brashi, kisha faida.

"Baba anajua hili?" nilimuuliza.

"Hajawahi kuuliza, shangazi."

Nilimwita kaka. Alisimama mlangoni na kuangalia ile picha ya mikono yake kwa muda. Halafu akafika kwenye ukurasa wa chekechea. Anaupita ukuta ule kila siku akienda dukani. Alidhani walileta fundi kutoka mjini.

"Rangi ulipata wapi?"

Binti alimwangalia mama yake. Wifi yangu akaangalia dirisha. Rangi ilitoka dukani, makopo yaliyobonyea ambayo wateja huyakataa, na wifi alikuwa ameyalipia kimyakimya kwa bei ya punguzo.

Sitaki msomaji afikiri hapo kaka alilia na mambo yakaisha. Alikasirika kwanza, tena sana, kwa sababu kila mtu nyumbani alijua isipokuwa yeye. Lakini baada ya chakula cha mchana maswali yake yalibadilika. Hakuuliza tena "kwa nini sanaa". Aliuliza, "Sasa ukienda, utafanyaje?"

Maswali ya kuuliza kabla ya kuthibitisha

Kutokana na siku ile, haya ndiyo maswali ninayowapa wazazi wanaonipigia simu. Waulizeni watoto kwa upole, na mwenyewe uwe tayari kusikiliza jibu.

1. *Umeshafanya nini mpaka sasa?* Mtoto anayefaa kusoma sanaa ana kazi za kuonyesha, hata kama ni mbovu. Asiye na hata moja anaweza kuwa anakimbia hesabu tu. Huyo mshaurini asubiri au aanzie kozi fupi.

2. *Nani amewahi kukulipa?* Si lazima iwe fedha nyingi. Mteja mmoja asiye ndugu ni ushahidi kuliko sifa mia za nyumbani.

3. *Nini kinafundishwa humo?* Achukue orodha ya masomo ya programu na aisome na wewe. Aseme ni lipi analolipenda na lipi linamtisha. Muulizeni pia kama kuna mafunzo kwa vitendo na yanafanyika wapi.

4. *Gharama zote ni kiasi gani?* Msiishie kwenye ada. Rangi, brashi, karatasi na kompyuta ni fedha. Mkopo wa HESLB una vipengele kadhaa, kikiwemo cha mahitaji maalumu ya programu. Someni mwongozo wa mwaka husika na mpige hesabu mara mbili, mkopo ukipatikana na ukikosekana. Ikiwa bila mkopo mtoto hawezi kumaliza, semeni mapema. Kuacha chuo mwaka wa pili ni hasara kuliko kutokwenda.

5. *Utashika ujuzi gani wa pembeni?* Usanifu kwa kompyuta, kupiga picha, kuhariri video, kutunza hesabu, Kiingereza cha kuandika. Hata hizo programu za akili mnemba, afadhali azitawale yeye kuliko zimshangaze. Mchoraji mwenye ujuzi mmoja wa pembeni ana mahali pa kuegemea.

6. *Ukimaliza na usipate ajira mwaka mzima, utaishije?* Hili ndilo gumu. Mtoto mwenye jibu, hata la kiasi, amefikiri. Anayejibu "Mungu atajua" bado hajafikiri.

Utaona kwamba maswali haya, ukiacha mawili ya kwanza, yanafaa kwa shahada yoyote. Hatuyaulizi kwa mtoto anayekwenda kusomea sheria au uhasibu kwa sababu tunadhani majibu yapo. Siku hizi hayapo kokote.

Makubaliano ya nyuma ya risiti

Jumapili mchana, zikiwa zimebaki saa chache, wifi alichukua kitabu cha risiti cha dukani na kuandika nyuma ya karatasi. Baba atalipa pengo la ada kwa miaka mitatu, si zaidi. Binti atanunua vifaa vyake kwa kazi za likizo. Mwaka wa kwanza atajifunza usanifu kwa kompyuta. Kila likizo ataonyesha kazi zake mezani, baba akiwepo. Na asipopata kazi baada ya kuhitimu, atasoma stashahada ya uzamili ya ualimu bila ugomvi.

Kipengele cha mwisho alikitaka kaka. Binti alifikiri muda mrefu kabla ya kukubali. Alisema anaweza kufundisha watoto kuchora, ila asiambiwe kufundisha jiografia. Wote watatu walitia saini. Kisha akathibitisha.

Sasa yuko mwaka wa pili. Sitawadanganya kwamba mambo ni mazuri yote. Mkopo alipata sehemu tu. Muhula mmoja kaka alichelewesha fedha na binti akakaa na wasiwasi wa kukosa mitihani. Kuna kazi ya bango aliyofanya na mteja hajamlipa hadi leo. Na ajira baada ya chuo hakuna anayeijua, si yeye wala sisi.

Lakini madaftari yanaongezeka, na wateja pia. Likizo iliyopita aliweka kazi mezani kama walivyokubaliana, na kaka akavaa miwani akaziangalia moja moja. Alimkosoa mbili. Aliniambia baadaye kwamba hajui kama alikosoa sawasawa, ila alitaka mtoto ajue anaangalia.

Wiki hiyohiyo alimwambia bango la duka limechakaa, alichore upya. Binti alitaja bei. Kaka akapunguza, binti akakataa, wakakutana katikati kama muuzaji na mteja.

Alimlipa. Na akadai risiti.